Sindano Ilikuwa Chini

Kwenye kilio cha Mama Numbi, mjane wa Ajida niliyemfanyia kazi ujanani, wanaume tulikaa chini ya turubai la bluu, juu ya viti vya plastiki vilivyoazimwa parokiani. Nilikuwa nimetoka Likasi mpaka Kamina kwa treni, siku mbili nimekalia begi langu mwenyewe, na nilitaka kutoa rambirambi, kula, kulala mahali, na kuondoka kabla mtu hajaniuliza mambo ya zamani. Mzee mmoja asiye na meno ya juu akavuta kiti chake karibu na changu, akanishika mkono asiuachie. Ilinichukua muda kumtambua Kasongo. "Fundi! Kumbe ungali hai?" alisema, kisha akawageukia vijana waliokuwa wakichochea moto. "Bijana, mumuangalie muzuri huyu. Huyu njo alitengenezaka gari ya marehemu Ajida. Na minyi njo niliuaka ile gari." Vijana wakacheka, kama watu wanaocheka hadithi waliyoizoea. Mmoja akamjibu, "Papa Kasongo, tunajua, ulilala ku volani!" Naye akapokea, mikono imeshika usukani usiokuwapo: "Nililala, eyo. Muntu akikosa, aseme." Wakacheka tena. Nami nikacheka. Nimefanya mambo mengi ya aibu katika kuhangaika kwangu, nimelala kwenye mahabusu ya miji mitatu, lakini sijui kama kuna kitu nilichowahi kufanya kibaya kama kicheko kile, kwa sababu kati ya wote waliokaa pale ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Kasongo hakulala.

Nilifika kwa Ajida nikiwa na miaka ishirini hivi, wakati ule wa Zaire tulipokuwa tukiitana "sitwayeni," yaani raia, hata tulipotukanana. Shule nilikuwa nimeiacha zamani. Sikufukuzwa, niliondoka baada ya mwalimu kukataa kutufungulia redio yake tuone kinachozungumza ndani. Tangu hapo nilihama mji hadi mji nikifuata vitu vyenye skrubu. Kamina nilikaa miezi kadhaa na fundi bomba wa nyumba za reli, mtu mpole aliyenifundisha jambo moja vizuri sana: kuzungusha nyuzi za katani kwenye meno ya bomba, kupaka rangi nyekundu ya mafuta juu yake, kisha kukaza. "Bomba haiwezi kulia tena," alikuwa akisema, na kweli halikuvuja. Alipohamishwa kwenda mji mwingine nilibaki bila kazi, nikawa nazurura, na ndivyo nilivyopita mbele ya uwanja wa Ajida nikaona kamioneti yake ya kijivu, gari dogo la mizigo, imesimama, boneti wazi, na yeye mwenyewe ameiinamia, mikono mgongoni, kama anayekagua askari.

Alikuwa ajida mstaafu wa kambi ya jeshi, cheo kilicho juu ya sajini, mtu wa mkoa wa Ekweta, aliyeoa Mluba wa Kamina, Mama Numbi, na kubaki. Jina lake watu walikuwa wamelisahau. Aliitwa Ajida na watoto wake pia. Alinipa chumba kilichokuwa depo, yaani stoo: kuta za tofali zisizopakwa kitu, godoro la majani, pipa tupu la mafuta nililolitumia kama meza, na betri nne zilizokufa ambazo tindikali yake ilinikera koo kila asubuhi. Dirisha halikuwapo, palikuwa na tundu tu chini ya bati, nalo lilielekea barazani, mahali Ajida na Mama Numbi walipopumzika baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mwaka ule nilijua mambo yote ya nyumba ile bila kuuliza. Tulikula bukari, yaani ugali, na sombe la majani ya mihogo siku nyingi, samaki mkavu wa Kinkondja siku nzuri, na Mama Numbi alinipakulia sawa na watoto wake, wala hakuniita mgeni. Ni yeye aliyeanza kuniita fundi. Kabla ya hapo niliitwa "weye" au "ule kijana," na mtu aliyeacha shule mapema anaelewa ladha ya kuitwa kwa jina la kazi mbele ya watu.

Kasongo alikuwa dereva. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mitatu au minne, mtoto wa wakulima wa kijiji cha jirani, Mkatoliki wa kila Jumapili, mtu wa kucheka kwanza na kuelewa baadaye. Alikuwa akimtaka Umba, binti wa kwanza wa nyumba, na Umba alikuwa akimtaka. Jambo hilo halikuwa siri. Mchana mmoja nilisikia kupitia tundu langu Mama Numbi akisema, "Baba, Kasongo iko muntu muzuri. Juu ya nini unamuchelewesha?" Ajida akajibu kwa Kiswahili chake kilichojaa Lingala, "Sikatai. Bokilo yangu, nimemupa gari. Kama anajua kutunza gari, anajua kutunza bibi." Mama Numbi akacheka: "Kumbe mi niko na volani?" "Weye uko na honi," alisema Ajida, wakacheka wote wawili, na mimi kule ndani, nimelala juu ya majani, nikacheka bila sauti. Tangu siku hiyo Ajida alimwita Kasongo bokilo, yaani mkwe, hadharani, hata kabla wazee wa upande wa pili hawajaletwa. Walikuwa wamepanga kuwaleta baada ya mavuno.

Tatizo la kamioneti lilikuwa sonda, vile vidude vya shaba vinavyofungwa kwenye injini ili dereva ajue kama maji yanachemka au mafuta yamepungua. Zote mbili zilikuwa zimeharibika. Taa ya mafuta iliwaka hata injini ikiwa nzima, na sindano ya joto, pale mbele ya volani, ilikuwa imesimama kwenye nyekundu tangu asubuhi ya baridi. Kwa hiyo Kasongo aliendesha kwa pua. Kila akihisi harufu alisimama, akafungua boneti, akangoja. Safari ya Bukama kufuata samaki ilikuwa ikila siku nyingine nzima, na mizigo ya watu ilikuwa imeanza kwenda kwa magari mengine. "Gari ya mugonjwa," wake wa askari waliitania wakipita na mabeseni kichwani. "Inapumzika kila kijiji sawa bibi ya mimba!"

Nilijitolea. Sonda ya mafuta niliipata kwa mke wa koplo aliyekuwa akiuza vipuri vya magari yaliyokufa kambini, amevitandaza juu ya gunia kati ya nyanya na chumvi. Niliifunga siku hiyohiyo, na taa ikawa inazimika injini ikiwaka, kama inavyotakiwa. Ya joto niliipata kwake pia, kutoka gari la aina nyingine lakini inayofanana. Sikutaka kuifunga bila kujua kama ni nzima. Nilimwomba Mama Numbi sufuria, nikaiweka juu ya mbabula ya makaa mbele ya nyumba, nikauvuta waya mrefu kutoka kwenye gari mpaka kwenye sonda, waya mwingine nikaufunga kwenye mwili wa sonda na kuurudisha kwenye chuma cha gari, nikaizamisha sonda majini. Watu walijaa. Maji yalipoanza kupata moto, Umba, aliyekuwa ameketi mahali pa dereva, akapiga kelele: "Inapanda! Sindano inapanda!" Nikaitoa, ikashuka. Nikaizamisha, ikapanda. Mama Numbi alipiga makofi. "Fundi yangu anapika sonda!" alisema. "Kesho nitamupatia na maharagi." Ajida alinipa mkono, naye hakuwa mtu wa kumpa mkono kijana.

Nilipoifunga kwenye injini, ikavuja. Meno yake yalikuwa membamba kidogo kuliko tundu, maji yakawa yanadondoka tone, tone. Sikufikiri mara mbili. Nilikuwa na katani ya fundi bomba kwenye mfuko, na mabaki ya rangi nyekundu. Nikazungusha katani nyingi, nikapaka rangi nene, nikakaza, nikangoja ikauke. Tone likakoma. Tuliwasha injini dakika chache tu, kwa sababu esansi, yaani petroli, ilikuwa ya kutafuta kambini chupa kwa chupa, na sindano ikabaki imelala chini kabisa, upande wa baridi. Baada ya miezi mingi ya kuiona kwenye nyekundu, watu waliiangalia kama mgonjwa aliyeshuka homa. Kasongo alinikumbatia. Kisha akauliza, kwa sababu hakuwa mjinga, "Na kama nasikia harufu?" Nikamjibu neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Acha pua yako. Fuata sindano. Sindano haidanganyi."

Alienda Bukama. Alikwenda vizuri, akapakia samaki wa moshi mpaka juu ya ubao, akaanza kurudi. Mahali fulani jiwe lilitoboa radieta na maji yakatoka yote. Harufu ya injini inayoungua ilikuwapo, lakini nyuma yake kulikuwa na mzigo mzima unaonuka moshi, na mbele yake sindano imelala chini. Injini ilikufa njiani, ikakaza, haikuzunguka tena. Kamioneti ilirudi siku ya tatu ikivutwa kwa mnyororo na lori la mtu wa Malemba-Nkulu, Kasongo ameshika volani ya gari lisilo na sauti, macho yamevimba, na samaki wameanza kuota ukungu.

Ajida aliketi barazani, akatuita sote. Hakupiga kelele. Alisema, "Bokilo, ripoti." Kasongo akaeleza yote niliyoyaandika, na akamaliza: "Ajida, nilikuwa naangalia sindano kila mara. Sindano ilikuwa chini." Ajida akanigeukia. "Fundi, sonda iko bien?" Nikasema iko bien, ni nzima, na siku hiyo sikuwa nadanganya; niliamini. "Mama mwenyewe alionaka mu sufuria," nilisema. Wote walikuwa wameona. Ajida akasema kwa upole ambao uliniogopesha kuliko hasira: "Moteri inaweza kufa. Minyi niliunguzaka jeep ya koloneli. Nilifika, nikasimama, nikasema: koloneli, ni minyi. Walinifunga kasho siku nane, ikaisha, alinipandisha cheo. Bokilo, ulilala. Ao ulikunywa. Sema, na mambo itaisha. Gari iko chuma tu. Lakini sitapana mutoto yangu kwa muntu mwenye kunidanganya mu macho." Kasongo akarudia kwamba sindano ilikuwa chini. Ajida akampa mpaka Jumapili, baada ya misa, aje na ukweli.

Ilikuwa Jumanne. Naandika siku kwa sababu nimezihesabu mara nyingi. Alhamisi asubuhi nyumba ilikuwa tupu, Mama Numbi shambani, Ajida kambini kuulizia injini nyingine, na mimi, ambaye siwezi kuacha kitu bila kujua kilivyokufa, nilifungua boneti. Nikamimina kikombe cha maji ya moto juu ya sonda, pale pale ilipofungwa, na umeme umewashwa. Sindano haikutikisika. Nikamimina kingine. Imelala. Nikachukua bisibisi, nikagusisha mwili wa sonda na chuma cha injini. Sindano ikaruka juu. Nikaondoa, ikaanguka. Nilisimama pale nikielewa polepole. Sonda inahitaji njia mbili: waya unaokwenda kwenye kipimo, na meno yake yenyewe yanayouma chuma. Kwenye sufuria nilikuwa nimeipa njia ya pili kwa waya. Kwenye injini nilikuwa nimeiziba kwa katani na rangi. Nilikuwa nimefunga sonda kama bomba la maji, nikamwambia mtu aifuate.

Ningeweza kusema siku hiyo. Ajida mwenyewe alikuwa ametuonyesha njia: unafika, unasimama, unasema ni mimi. Nimejiuliza mara nyingi nilichoogopa, na jibu si kubwa. Sikuogopa kipigo. Niliogopa kurudi kuwa "ule kijana." Niliogopa Mama Numbi aondoe mkono wake kwenye sufuria nikinyoosha sahani. Nilijiambia pia kwamba Kasongo ana kijiji, ana mashamba, ana watu, na mimi sina hata dirisha. Basi niliifungua sonda, nikaikwangua kwa kisu mpaka meno yakang'aa, nikakwangua na tundu, nikaifunga tena bila katani, na maji yaliyokuwa yakidondoka hayakuwapo tena, kwa sababu radieta ilikuwa tupu. Nyuzi nyekundu nilizitupa chooni. Mama Numbi aliporudi na kapu la mihogo aliniuliza, "Fundi, umeona kintu?" Nikasema, "Bado naangalia, Mama."

Jumapili Kasongo alikuja na shati jeupe, peke yake, bila mjomba wala kaka, akasimama mbele ya Ajida na kusema neno lile lile. "Sindano ilikuwa chini. Naapa mbele ya Vidye, Mungu wetu." Ajida akanyanyuka. Alitaka tumalize kiaskari, kwa ushahidi. Akaamuru maji yachemshwe. Tuliziba mipira ya chini, tukamimina birika baada ya birika kupitia mpira wa juu moja kwa moja ndani ya kichwa cha injini, umeme umewashwa, na Ajida akamwambia Kasongo akae mahali pake, pa dereva, aangalie mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika birika, na tone lililovuja kwenye sonda lilipotea katika maji niliyomwaga pembeni. Sindano ikapanda. Ilipanda polepole, bila haya, mpaka kwenye nyekundu, na watoto wa majirani walioning'inia dirishani wakasema kwa pamoja, "Yoooo!" Niliuona uso wa Kasongo kupitia kioo. Sikuona hasira. Alikuwa akiangalia sindano, kisha mikono yake, kisha sindano tena. "Fundi," alisema, akiniuliza mimi, si Ajida, "ilikuwa chini, sivyo?" Nikasema, "Weye njo ulikuwa ku volani, Kasongo." Umba alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani, na mlango ukafungwa taratibu.

Wazee hawakuletwa. Baada ya mavuno Umba aliposwa na karani wa reli, mtu mfupi mwenye saa kubwa, na Kasongo, wiki ile ya harusi, alikuja kumwambia Ajida kwamba alilala. Nilisikia kupitia tundu. "Nililala, Ajida. Unisamehe." Na Ajida akajibu, kwa huzuni ya kweli, "Sasa njo unasema? Sasa inasaidia nani?" Nilikaa pale miezi mingine miwili. Nilitengeneza pasi, redio, baiskeli. Niliitwa fundi mtaa mzima. Chakula cha Mama Numbi kilikuwa kile kile na sikuweza tena kukimeza bila maji. Nikaondoka asubuhi moja bila kuaga, na tangu hapo, Kolwezi, Kalemie, mpaka ng'ambo ya Zambia, popote walipoanza kuniita kwa jina la kazi nilihama.

Chini ya turubai nilimwambia. Nilingoja vijana waende kuteka maji, nikamwambia yote, katani, rangi, Alhamisi, kisu. Sikupamba. Kasongo alisikiliza akiangalia chini, akichora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu. 

"Unajua niliachaka volani?" alisema mwishowe. "Hakuna muntu alinikatazaka. Walinipatia lori, ya muntu wa mahindi. Nilikuwa naendesha, naona ng'ombe mu njia, najiuliza: iko kweli, ao haiko? Nasimamisha. Hakuna ng'ombe. Siku ingine iko, nasema haiko. Nikarudisha funguo. Miaka yote nabeba makala ku kinga." Makala ni makaa, na kinga ni baiskeli. "Mi nilijua niliona. Halafu ukaleta ile maji ya moto. Pale sikujua tena. Nilienda ku padri, nikatubu kulala. Alinipatia rozari tatu. Nilizisema zote."

Nikaanza kusema unisamehe. Akainua mkono.

"Usiniambie mi. Mi nilikuwako." Akanyoosha kidevu kuelekea jikoni, mahali wanawake walipokuwa wakisonga bukari kwenye sufuria kubwa. "Umba iko pale. Karani alikufa zamani, iko peke yake. Maisha yote anajua nilimudanganya baba yake. Enda, umwambie yeye. Kwa sauti, bantu basikie."

Hapakuwa na hatua kumi. Nilisimama, nikaenda. Umba alikuwa ameinama, kitenge cha msiba kimefungwa kiunoni, nywele nyeupe zimetokeza chini ya kitambaa, na alipoinua uso ulikuwa uso wa mama yake. Nyuma yangu nilijua Kasongo ananiangalia, sikuhitaji kugeuka. Wanawake walinyamaza kidogo, kama watu wanyamazavyo mgeni akikaribia jikoni, na kwa kitambo hicho kila mtu pale angenisikia.

"Fundi," alisema Umba, akifuta mikono yake. "Kumbe ulikuja. Mama alikuulizaka mpaka mwisho. Ulishakula?"

"Bado, dada," nilisema.

Akanipakulia.